Tuliyojifunza kwa futi kamba: kupungua, kula, na bibi harusi wa Kyerwa



Tunawaandikia kutoka Omurushaka, wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, mbali kabisa na bahari. Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Mmoja wetu amezaliwa Nkwenda, ambako siku hizi ni wilaya ya Kyerwa tangu Karagwe ilipogawanywa mwaka 2012. Mwingine ndoa ndiyo iliyomtoa Unguja ikamleta huku kwenye baridi na migomba. Sote tuna miaka thelathini na kitu, sote tuliishia kidato cha nne, sote tukasomea ufundi cherehani, na sasa tuna kibanda chetu cha vyerehani vitatu tunashona magauni ya harusi, madira, abaya na sare za send-off. Mtatuona tunasema "sisi" kila mahali. Ni makusudi. Mambo mengine tukianza kusema nani hasa kafanya, mama mkwe atasoma.

Fundi ana jambo moja la ajabu. Anapima watu wote wa mtaa, yeye mwenyewe hajipimi. Tulikuwa na daftari limejaa viuno vya wanawake wa Kayanga, Nyakaiga, Isingiro hadi Murongo mpakani, lakini viuno vyetu havikuwemo. Madira ni nguo ya rehema, dada zetu. Unaweza kuongezeka kilo ishirini ndani ya dera na usijue. Siku tuliyolazimika kujipima ni siku ya kushona sare ya harusi ya mdogo wetu, gauni la kukata kiunoni. Mmoja akatoka na inchi 41, mwingine 39. Tukafikiri futi imekatika mwanzoni. Tukachukua nyingine, mpya, bado ina karatasi yake. Namba zilikuwa zile zile.

Tulicheka sana siku ile. Miezi miwili baadaye hatukucheka. Mmoja wetu alikuwa anashona usiku, msimu wa kahawa ambao ndio msimu wa harusi huku kwa sababu watu wana pesa, mara akaanza kuona giza upande mmoja na kichwa kikampasuka. Kufika kituo cha afya presha ni 158 kwa 102. Nesi akamuuliza anafanya kazi gani, akasema fundi. Akamuuliza unakaa chini saa ngapi kwa siku. Tukahesabu kwa vidole pale pale: kumi na moja, wakati mwingine kumi na tatu. Akauliza unakula nini hapo dukani. Asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili, saa nne maandazi, mchana chipsi kwa kuwa ndizi zinachukua muda kupika, jioni soda ya kuamsha macho. Nesi hakusema kitu, aliandika tu. Kule kuandika kwake kulituuma kuliko kama angetugombeza.

Basi tukaamua kupungua. Na kama wengi, tulianza na ujinga.

Tulinunua majani ya kupunguza tumbo kwa muuzaji wa kwenye simu. Tukayanywa wote wawili ili tusaidiane. Kwa siku tisa tulisaidiana kweli, maana choo cha nyuma ya duka ni kimoja. Ilikuwa dawa ya kuharisha tu iliyopewa jina zuri, na kilo nne tulizopungua zilikuwa maji, zikarudi zote wiki ile ile tulipoacha. Mteja mmoja alikosa gauni lake siku ya nikaha kwa sababu mafundi wote wawili walikuwa hoi. Tulimrudishia pesa. Hilo ndilo somo letu la kwanza na lilitugharimu shilingi na jina.

Kisha tukaingia kwenye kuacha kula kabisa vyakula vya wanga, kama tulivyosoma. Jamani, mtu unaishi Karagwe, umezungukwa na migomba mbele na nyuma, unaambiwa usile ndizi! Mmoja wetu alivumilia siku sita. Siku ya saba alikutwa jikoni kwa mama mkwe anakula ndizi za kupondwa na maharage kwa mkono, amesimama, sufuria bado motoni. Aibu ya siku hiyo ilituelekeza vizuri, kwa sababu mama alituuliza swali la maana. Alisema, sisi tumekula ndizi na maharage maisha yetu yote na tulikuwa wembamba, sasa ninyi ndizi imewakosea nini?

Tukaanza kuangalia. Kweli, bibi zetu walikula ndizi na maharage. Lakini walikula mara mbili kwa siku, walilima kutwa, walipanda vilima na maji kichwani, na mafuta ya kupikia yalikuwa ya kununua kwa kijiko. Sisi tunakula ndizi zile zile, juu yake tumeongeza mafuta, chapati, soda na kiti. Ndizi haina kosa. Na maharage ya Karagwe, ambayo tulikuwa tunayaona chakula cha wasio na pesa ya nyama, ndiyo yanayoshibisha muda mrefu kuliko chochote tulichonunua kwa gharama. Parachichi huku zinaoza chini ya miti. Mchicha, dodo, papai, dagaa wa Ziwa Victoria, samaki wa maziwa yetu madogo: vyote tunavyo, na vyote tulikuwa tunavipita kwenda kutafuta chipsi.

Yule wetu wa Unguja alipata tabu zaidi. Alizoea nazi katika kila kitu, na nazi huku inafika imechoka na bei yake imepanda. Kwa miaka alikuwa akiagiza kwa basi. Alipopunguza nazi alilia kidogo, tusifichane. Sasa anapika mchuzi wa karanga siku moja, nazi siku moja ya Ijumaa, na anasema Ijumaa imepata heshima mpya.

Kutembea nako kulikuwa na visa vyake. Wataalamu wa afya duniani wanasema mtu mzima ajitahidi angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumtoa pumzi kiasi. Tukagawa: dakika thelathini, siku tano, baada ya Alfajiri. Siku ya kwanza tulitoka na mabuibui yetu na raba, mikono mitupu. Kabla hatujafika mbali mama mmoja akatoka mbio kutoka migombani, "Waitu, nani amefariki?" Huku mwanamke akionekana barabarani alfajiri bila ndoo, bila jembe, bila kikapu, basi ama kuna mgonjwa ama kuna msiba. Tukamwambia tunafanya mazoezi. Akatutazama kwa huruma. Siku ya pili wakatoka wawili. Siku ya tatu tukabeba dumu tupu la lita tano kila mmoja, na hakuna aliyetuuliza tena. Tulitembea na madumu matupu kwa muda wa miezi mitatu, wallahi, mpaka watu walipotuzoea.

Buibui refu halifai kwenye kilima chenye umande. Linashika matope, linakukanyagisha, mmoja wetu aliteleza akavimba goti. Kwa hiyo tulijishonea. Suruali pana yenye mpira kiunoni na vifundoni, kanzu ya kitambaa cha jezi inayofika chini ya goti na mpasuo mfupi pembeni, na hijabu ya kuvaa kichwani bila pini, imeshonwa kipande cha kushika chini ya kidevu. Stara yote ipo na miguu inapumua. Wateja walipoiona wakaanza kuulizia. Tumeshona nyingi sasa, za rangi za kiza, na kuna ustadhi mmoja aliyemwagizia mkewe. Biashara ile ndogo ndiyo iliyolipa kodi ya duka mwezi wa Ramadhani ambao harusi hakuna.

Katika kutembea tulirudi kwenye vitu tulivyofundishwa madrasa tukavisahau. Kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), naye akiwa mwepesi akamshinda, na baadaye mwili ulipoongezeka Mtume akamshinda na kumtania kuwa hii ni ya ile. Sisi tuliisikia tukiwa wadogo tukacheka. Sasa tunaisikia kama watu wazima wenye waume: mume na mke walikimbia, na mwili wa mke kubadilika haukuwa kesi, ulikuwa utani wa mapenzi. Na lile fundisho la tumbo kugawiwa tatu, chakula, maji na pumzi, tulilijua kwa moyo tangu darasa la pili. Tulikuwa tunalisoma halafu tunakula chakula cha theluthi zote tatu na kuazima ya jirani.

Faida ya kwanza tuliyoiona haikuwa kwenye futi. Ilikuwa kwenye sijda. Yule mwenye goti alikuwa anaswali Isha amekaa kitini tangu mwaka uliopita, na alishakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa. Usiku mmoja akainuka kutoka sijda ya kwanza bila kushika ukuta. Alikaa kwenye mswala akalia. Kilo alizokuwa amepungua wakati huo ni tano tu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo dada zetu wa visiwani huenda hamlijui, na ndilo lililotufanya tuandike.

Tulipoanza kupungua kweli, mmoja kilo kumi na moja, mwingine kumi na nne, watu huku hawakutusifu. Walinyamaza. Wateja wakawa wanatupa pesa bila kutugusa mkono. Jirani mmoja akaleta kuku, bila sababu, akaondoka haraka. Mama mzazi wa yule wa Nkwenda alipanda pikipiki mpaka dukani, akafunga mlango, akamshika bintiye mashavu kwa mikono miwili akamuuliza, "Mwanangu, umepima?"

Mnajua, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983. Ng'ambo ya mto, Uganda, ugonjwa huo waliuita kwa jina la wembamba, silimu. Mama yule alizika ndugu zake wanne katika miaka ile. Aliwaona kwanza wanakonda. Nguo zinaanza kuning'inia, mkanda unatobolewa tundu jipya, halafu kitanda. Kwa wanawake wa umri wake, hapa kwetu, mwili mnene ni uhai na kukonda ni habari mbaya iliyo njiani. Sisi tulikuwa tunajipiga picha na suruali zilizotupwaya, tunacheka. Hatukufikiri hata mara moja nani anaziona.

Tulimpeleka mama kituoni akashuhudia kipimo cha presha, 128 kwa 84, na tukapima na kile alichokiogopa mbele yake, majibu yakawa salama, Alhamdulillah. Alikaa kwenye benchi ameshika karatasi asiyoweza kuisoma vizuri bila miwani. Baada ya hapo akaanza kula mboga zetu. Lakini zile picha tulizifuta.

Na kumbe wembamba na unene wa mwanamke hapa Karagwe ni hadithi ya zamani kuliko UKIMWI. Mwaka 1861, mwezi wa Novemba, Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake Grant, wakiwa wametokea Zanzibar, walifika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshatangulia zamani, wana kituo chao Kafuro, kwa hiyo Unguja na Karagwe wanajuana siku nyingi. Speke aliandika kwamba wake wa nyumba ile ya kifalme walinenepeshwa kwa maziwa hadi hawawezi kusimama. Akamwomba mmoja, shemeji wa mfalme, akubali kupimwa, naye Speke kwa malipo akamwonyesha mikono na miguu yake myeupe. Vipimo akaviandika: kifua futi 4 na inchi 4, mkono wa juu futi 1 na inchi 11, paja futi 2 na inchi 7. Pembeni binti wa miaka 16 ameketi anafyonza chombo cha maziwa, na baba yake ameshika fimbo.

Sisi kama mafundi tuliposimuliwa hayo tulibishana kitu ambacho labda wasomi hawakibishii. Kifua inchi 52 tumekishona, mara nyingi, hakitushangazi. Kilichotushangaza ni kwamba mgeni mwanamume alimpima mwanamke wa watu kwa udadisi wake, akaziandika namba, na sisi leo tunazijua lakini jina lake hatulijui. Dukani kwetu kuna pazia. Namba ya mteja haitajwi kwa sauti. Tulidhani sisi tuko tofauti kabisa na yule Mwingereza na yule baba mwenye fimbo.

Sasa huyu bibi harusi. Ametupa ruhusa tumsimulie, kwa sharti tusitaje kijiji, basi ni wa Kyerwa. Alikuja miezi mitatu kabla ya nikaha na picha ya gauni la leisi, kiuno cha kubana, mikono mirefu. Tulimpima, kiuno inchi 34. Akasema kata 29, nitapungua. Na sisi, dada zetu, tukakata 29. Tena tulimwambia, "Sisi tumeweza, na wewe utaweza." Tulikuwa tumelewa mafanikio yetu. Tulimpa mpangilio wetu wa chakula tulioutunga wenyewe, tukamwandikia kwenye karatasi ya daftari la vipimo. Hatukumuuliza kama ana ugonjwa wowote. Hatukumuuliza kwao wanasemaje.

Kwao walikuwa wanasema kinyume chake. Mama na shangazi walikuwa wamemweka ndani anywe maziwa asubuhi na jioni, uji wa ulezi, ndizi kwa nyama, kwa sababu upande wa bwana harusi wasije kusema wamepewa mfupa. Kila wakimwekea kikombe anampa mdogo wake wa kike. Yule mdogo alinenepa mashavu mpaka watu wakashangaa ni nani anayeolewa. Bibi harusi mwenyewe alikuwa anafunga kila siku bila daku, anafuturu kwa chai kavu na tango, na akiulizwa anasema analipa Ramadhani.

Akaja kujaribu gauni zikiwa zimebaki siku kumi na sita. Kiuno kilikuwa 31. Tulimvisha nyuma ya pazia, mmoja amebana kitambaa, mwingine anavuta zipu, tunamwambia vuta pumzi ndani, vuta tena. Akavuta. Akaanguka. Kichwa kilipita karibu kabisa na meza ya pasi.

Hospitali walisema damu yake imeshuka sana, na kwamba imekuwa ikishuka kwa muda, kufunga kumemmalizia tu. Alilazwa siku tatu. Mama yake alikaa upande mmoja wa kitanda, sisi upande mwingine. Hakutugombeza, aliuliza tu nani alimpa karatasi ile, maana aliikuta chini ya godoro. Ilikuwa na mwandiko wetu na nembo ya duka juu.

Tukawa tumemtazama yule baba mwenye fimbo wa 1861 kwa dharau, na fimbo yetu ilikuwa futi kamba.

Usiku ule tulilifumua gauni. Bahati, au tuseme rehema ya Allah, mwalimu wetu wa cherehani alitupiga sana kuhusu kuacha akiba ya mshono, na tulikuwa tumeacha inchi moja kila upande. Haikutosha. Tuliondoa zipu, tukatoboa matundu ya kamba mgongoni kote, tukaweka kamba ya satini, na chini yake kipande kipana cha leisi juu ya bitana ili mgongo usionekane hata kamba ikiachiwa. Tukaongeza vipande viwili vya pembeni kuanzia kwapa hadi nyonga. Leisi ya ziada tulinunua sisi. Gauni lile likawa linaweza kuvaliwa na mtu wa 30 au wa 37, na kusema ukweli likapendeza kuliko lile la kwenye picha.

Tulimpelekea kwao kabla ya harusi. Tulikuta mama ameshika kikombe cha maziwa na binti ameshika vidonge vya kuongeza damu, wanatazamana. Tukamsimulia mama kisa cha Bibi Aisha, kile ambacho mama yake alitaka anenepe kidogo kabla ya kupelekwa kwa Mtume (s.a.w.), vikajaribiwa vitu visifae, mpaka alipokula matango na tende mbichi ndipo mwili ukaja vizuri. Mama akasikiliza. Akauliza, kwa hiyo kunenepesha si dhambi? Tukasema mama, huyu daktari kasema ale maini, maharage na mboga za majani, na maziwa anywe akiyataka, ila asiyanywe pamoja na vidonge. Akafikiri, akamwambia yule mdogo mnene, "Wewe lete maharage, na hayo maziwa yaache."

Nikaha ilifungwa siku yake. Kamba mgongoni tulifunga kwa inchi 33. Alikula pilau yake yote mbele ya wageni, mama akitazama sahani kuliko alivyomtazama bwana harusi.

Tangu siku hiyo duka lina utaratibu. Tunakata kwa mwili uliokuja, siyo mwili ulioahidiwa. Anayetaka kupungua tunamwambia apime presha, sukari na damu kwanza, na gauni lake tunaliwekea kamba. Mpangilio wa chakula hatumwandikii mtu. Akituuliza tunakula nini tunamwambia aje mchana, atakuta sufuria. Wapo waliochukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine atakayekata 29. Mwaka ule tulipoteza wateja wanne wa harusi, tena wenye pesa. Inauma, hatutasema haiumi. Watu huku wanasema wale mawifi wamekuwa wakali kama manesi.

Nasi wenyewe? Mmoja yuko kiuno 35, mwingine 36 na amekwama hapo mwaka mzima. Zamani tungehangaika. Ramadhani iliyopita tulirudisha kilo tatu kwa tambi na kalimati, tukazitoa polepole mpaka karibu na Idi ya kuchinja, tukala nyama, zikarudi mbili. Mwenye presha bado anameza kidonge chake kimoja, daktari amepunguza kutoka viwili, na hatumruhusu kukiacha kwa sababu tu anajisikia vizuri. Kila saa moja tunasimama kwenye cherehani, tunazunguka duka, tunarudi. Pasi tumeihamishia chumba cha nyuma kusudi tulazimike kutembea. Alfajiri tunatoka watano sasa, na mmoja wao ni mama wa Nkwenda akiwa kaja kutembea. Yeye bado anabeba dumu. Tulimwambia si lazima siku hizi, akasema dumu linamsaidia mizani akishuka mlima.

Bibi harusi wetu alirudi wiki chache zilizopita, ana mtoto wa miezi miwili mgongoni, anataka dera la kunyonyeshea lenye zipu mbili. Tukavuta pazia. Akanyanyua mikono akasema, "Pimeni, lakini msiniambie." Tukapima, tukaandika, tukafunga daftari. Mtoto akaamka akitaka kunyonya, naye akaketi pale pale kwenye kiti cha cherehani, akaomba kama ile sufuria ya mchana bado ipo.